Documentary ilimficha uso shahidi, mtaa wetu ukamtambua kwa vipande vya uzi

Wakuu, salaam kwenu nyote, na poleni mnaosoma mkiwa kazini huku mnamchungulia bosi.

Leo sina la kuchekesha. Wanaonijua humu wanajua kijiwe changu ni kule kwenye mpira, nachokoza watu, nikiridhika naondoka zangu. Hili ni jambo la nyumbani kwetu. Ni la kweli na sijalitia chumvi.

Ila majina siyo yenyewe, baadhi ya vitu nimevihamisha makusudi, na hata ile tabia ya mafundi nitakayoieleza siyo yenyewe kabisa, inakaribiana tu. Mkifika chini mtaelewa kwa nini.

Nipo Gisenyi, Rwanda. Ukivuka kizuizi tu uko Goma. Nilizaliwa hapa, lakini mambo yalipoanza kunuka Mama alinibeba tukaenda kwa ndugu zake Kigoma, Baba akabaki na duka. Nimerudi nikiwa nimeshaota ndevu. Ndiyo maana Kiswahili changu kinafanana na chenu, hapa mtaani wananicheka kwamba naongea kama msoma taarifa ya habari.

Kazi yangu ni kutoa mizigo ya watu mpakani. Naishi mtaa wa Nengo na mke wangu, wazazi wako mtaa wa Mbugangari.

Baba ni fundi cherehani. Nimwite Mzee Sudi. Sisi ni familia za Waislamu wa mjini, wale ambao babu zao walikuja na biashara wakakwama hapa, na kwa watu wetu Mzee Sudi ndiye kanzu ya Idi. Mwezi wa Ramadhani ukifika katikati, rafu zake zinajaa vitambaa mpaka vingine vinawekwa juu ya kabati la vyombo na Mama anaanza kulalamika.

Sasa niwaeleze tabia yake moja, maana stori yote imekaa hapo.

Duka lake ni chumba cha mbele cha nyumba. Nyuma ya pazia ndipo Mama anaposwalia. Kwa hiyo Baba ana sheria, kipande cha uzi hakianguki sakafuni. Akikata uzi, anauviringisha kwa vidole viwili mpaka uwe kidonge, anautia mfuko wa shati. Hata akiwa msibani, hata akiwa kwenye mkutano wa mtaa, akiona uzi kwenye goti lake mkono unakwenda wenyewe. Waliojifunza kazi kwake wote wametoka na tabia hiyo, kwa sababu aliyesahau alifagia duka, uani na barabara ya mbele.

Mama kila akifua anapigana na hiyo mifuko. Ukimkuta kwenye beseni utamsikia anamsema Mzee kama vile amesimama mbele yake.

Haya, twende kwenye documentary.

Ilitoka nje, imetengenezwa na wageni, ndefu kama safari ya Kigali. Inazungumzia siasa za ukanda wetu huu, nani alifanya nini zamani na nani anadanganya sasa. Mnajua jinsi vitu kama hivyo vinavyopokelewa. Nusu ya watu wanasema ni uongo wa wazungu, nusu wanasema hatimaye kuna mtu kathubutu, na wengi wa pande zote mbili hawajaitazama. Mimi mwenyewe kuna sehemu nilikubali na kuna sehemu nilitukana peke yangu. Sitaki kuijadili hapa. Anayetaka kubishana kuhusu serikali, kuna jukwaa lake.

Niliitazama mchana wa Jumapili moja ndani ya Ramadhani, sebuleni kwa wazazi, kwenye simu yangu, nikiwa na Mama. Mvua ilikuwa inanyesha ile mvua yetu ya kutokea mlimani, baridi mpaka kwenye mifupa. Baba alikuwa dukani, cherehani inalia upande wa pili wa pazia.

Katikati ya filamu wakafika mji wetu. Ni dakika chache tu.

Akaonyeshwa mwanamume amekaa kwenye kiti, dirisha liko nyuma yake, uso umetiwa giza, sauti wameifanya nzito kama ya mtu anayeongelea ndani ya pipa. Akasema wakati wa mauaji ya kimbari nyumba nyingi za Waislamu wa hapa zilifungua milango na kuficha watu. Hilo ni kweli, kuna watu wazima leo wana wajukuu kwa sababu ya milango hiyo, na sisi tumekua tukijivunia jambo hilo kuliko jambo lolote.

Halafu akasema kulikuwa na geti moja la kijani, la milango miwili. Mama mmoja na watoto wake na mzee wao waligonga. Geti likafunguliwa. Mwenye nyumba akawatazama, akawatambua, akalifunga. Akasema yeye alikuwa karibu, alisikia komeo likirudi. Kisha akaeleza kilichokutwa barabarani, hicho sitakiandika.

Hakutaja jina. Lakini geti la kijani la milango miwili mtaa wetu ulikuwa nalo moja. Limeshapakwa rangi nyingine, mwenyewe alikufa zamani kwa maradhi yake, alizikwa na umati. Mtoto wake, nimwite Haji Ramazani, ndiye anayeshika mambo mengi ya msikiti, mtu wa kujitolea kweli kweli, na ni rafiki mkubwa wa Baba. Kila Ramadhani walikuwa wanafuturu pamoja, leo kwake, kesho kwetu.

Nilikuwa bado nalifikiria hilo geti, ndipo nikaona mkono.

Yule mtu kwenye giza, akiwa anaongea, akainamisha kichwa, akaokota kitu kwenye goti. Akakiviringisha kwa vidole viwili, taratibu. Akakitia mfuko wa shati.

Mama akaninyang'anya simu, akaizima. Hatukutazamana. Upande wa pili wa pazia cherehani ilikuwa inaendelea.

Wakuu, nitasema ukweli. Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni hakikuwa huruma, kilikuwa hasira. Nilimkasirikia Baba. Nikajiuliza huyu mzee amekaa lini na hao wageni, kwa nini hakutuambia, na kwa nini amefikiri giza litamsaidia wakati mkono wake unajulikana kuliko sura yake. Nikaondoka bila kumuaga.

Nilijidanganya kwamba labda tulioona ni sisi wawili tu.

Kesho yake kwenye group la mtaa mtu mmoja akaweka kile kipande cha filamu. Hakuna aliyetaja jina. Mwingine akaandika kwa Kinyarwanda kwamba tunamshukuru fundi wetu, akaweka na picha ya sindano. Watu wakacheka kwa zile alama za kuchekea. Haji Ramazani alisoma, nikaona amesoma, hakuandika kitu.

Basi ikaanza.

Hakuna aliyekuja kumtukana Baba. Afadhali wangekuja, ningejua pa kuelekeza ngumi. Walikuja kuchukua vitambaa. Mmoja mmoja, kwa adabu, salamu ndefu, wanauliza afya ya Mama. Wa kwanza nilikuwepo, ni jirani wa ukuta kwa ukuta, mtu ambaye Baba amemshonea tangu kanzu ya jando.

Akasema, "Mze, nakuya kukamata kitambaa yangu. Mwaka hii tutavaa tu za zamani, unaona vile maisha iko."

Baba akainuka, akakitoa rafuni, akakikung'uta, akakikunja upya vizuri, akampa kwa mikono miwili. Akamwombea heri ya mfungo.

Wakafuata wengine. Mmoja anasema mtoto amekataa kanzu anataka suruali. Mwingine ana safari. Mwingine alimtuma mke wake, na mke hakuwa na kisingizio chochote, alisimama tu mlangoni anatazama chini mpaka Baba akaelewa. Rafu zikabaki mbao. Sijawahi kuona mbao za zile rafu katika mwezi wa Ramadhani tangu nirudi.

Haji Ramazani hakuja. Kitambaa chake cheupe kilibaki peke yake, na hakutuma mtu kukidai wala kukitaja. Zamu yake ya kutualika futari ilipofika, hatukualikwa. Siku ya zamu yetu Mama aliweka kikombe chake mezani kama kawaida. Tukafungua kwa tende na uji, kikombe kikiwa pale, hakuna aliyekiondoa.

Hata siku ya umuganda, ile Jumamosi ya kufanya usafi kwa pamoja, watu walifyeka majani na kuchekana kama siku zote. Baba alikuwa na jembe lake kwenye mfereji. Alipo yeye palikuwa na nafasi pande zote, kama mtu anayechimba kaburi peke yake. Nilikwenda kusimama naye.

Nilimuuliza mara moja tu, dukani. Nikamwambia Baba, kama ulikuwa na la kusema ungetuambia sisi kwanza. Akaendelea kupaka mafuta cherehani. Nikachukulia kwamba amekubali, hasira ikazidi.

Sasa sikilizeni hapa.

Idi ikiwa karibu, mke wangu alinituma kwa fundi mmoja, sisemi wa mtaa gani, kupeleka gauni lake lipunguzwe. Ilibidi niende kwa fundi mwingine maana sikutaka kuingia kwa Baba. Naam, hata mimi nilikuwa nampelekea kazi mtu mwingine, hilo lieleweke.

Huyo fundi alijifunza kwa Baba, kama wengi. Alianza kijana mdogo kabisa, enzi zile vijana kadhaa walikuwa wanalala palepale dukani. Sasa ana watoto wake na chumba chake cha kupanga, na mwenye chumba ni ukoo wa Haji Ramazani, wenye lile geti.

Nikaingia. Rafu zimejaa. Nikavitambua vitambaa, wakuu. Kile cha jirani yetu wa ukuta kwa ukuta kilikuwa juu kabisa. Wengi wa wateja wa Baba walikuwa wamehamia pale.

Nikainamisha macho.

Sakafu ilikuwa imejaa nyuzi. Nyeupe, nyeusi, za rangi zote, chini ya meza, chini ya kiti, mpaka kwenye kizingiti. Lile duka nilikuwa nalijua, lilikuwa safi kama la Baba, ungeweza kula chini. Na nikiwa nimesimama, akakata uzi, nikaona vidole vyake vinaanza kuuviringisha. Vikasimama. Akafungua mkono, uzi ukaanguka.

Akainua macho, akaniona nimeona.

Akaweka mkasi juu ya kitambaa cha watu. Kisha akasema, "Ambia Mze..." Akashindwa kumaliza. Akajaribu tena, "Ambia Mze kama mi..." Nikamwambia basi, nikaacha gauni, nikatoka.

Nilikwenda kwa miguu mpaka Mbugangari, pikipiki zinaniita nazipita. Nilimkuta Baba amekaa mbele ya cherehani. Nikamwambia, Baba, si wewe. Nimejua si wewe. Leo hii nakwenda kwa Haji Ramazani na kwenye group, nakwenda kuwaambia wote.

Akaniambia nifunge mlango. Nikafunga.

Akasema, "Nikisema haiko mi, swali yenye itafuata ni gani? Wataniuliza, sasa iko nani. Na wenye walijifunza hapa, watu wanawajua wote. Haitachukua hata juma moja. Ye mwenye alisema iko na watoto, na analala ndani ya nyumba ya ukoo wa Haji."

Nikamwambia, lakini wanakumaliza wewe.

Akaokota uzi kwenye goti, akauviringisha, akautia mfukoni. Kisha akasema maneno ambayo nimekuwa nayo kichwani tangu siku hiyo, nayaandika kama alivyoyasema.

"Ile mulango, mi pia nilisikia vile ilifungwa. Tulikuwa hapa hapa. Ye alikuwa mutoto, mi nilikuwa mutu muzima. Halafu nikanyamaza. Hata wakati wa gacaca, ile mahakama ya mutaa, watu walikaa kwenye majani kusema yenye waliona, mi nilinyamaza. Yule mze nikamushonea kanzu kila Idi mpaka alikufa, na ya kumuzika nayo nilikata mi. Donc basi, acha wafikiri ni mi. Ilipaswa kuwa mi."

Nililia, na sijali mtu atakayenicheka humu.

Nilimfuata Mama uani nikamwambia. Hakushtuka. Akasema alijua siku ileile, tangu kwenye simu. Nikamuuliza sasa kwa nini uliizima? Akaniambia, "Nilijua si ye. Lakini nilijua wakisema ni ye, atakubali."

Idi ikafika. Tuliswali uwanjani, mawingu yamekaa chini yamefunika milima yote. Watu walimeremeta kwa kanzu mpya, na mimi nilikuwa najua kila moja imetoka mkononi mwa nani. Baba alivaa ya zamani, ile iliyoanza kuwa njano kwenye kola. Mwenyewe aliyezishona zile kanzu alikuwa safu ya nyuma, kichwa chini mwanzo mpaka mwisho.

Baada ya swala ni kukumbatiana, mnajua. Watu walikumbatiana. Kwa Baba walifika wachache, mkono tu, haraka haraka. Haji Ramazani alikuja mpaka mbele yake, akasimama. Nilifikiri atamtemea mate au atamkumbatia, sikujua kipi. Alimtazama Baba, macho mekundu, akafungua mdomo, halafu akageuka akaenda zake.

Nami namwonea huruma. Hakulifunga yeye lile geti. Lakini sitamdanganya mtu, kuna siku nampita barabarani nashindwa kutoa salamu.

Nilidhani baada ya Idi mambo yatapoa. Hayajapoa. Kazi hakuna. Zimebaki zipu za watoto wa shule, mabegi ya mama mmoja muuza viazi kutoka Mudende ambaye hana simu kubwa na hajui lolote.

Ila kitu kimoja kilinishangaza. Kila nikipita, cherehani inalia. Asubuhi inalia, alasiri inalia. Nikafurahi, nikadhani wateja wameanza kurudi, nikamwambia Mama hivyo.

Mama akanivuta kando ya pazia nichungulie. Baba alikuwa anashona ile kanzu yake ya zamani. Alimaliza mshono wa ubavu, akaugeuza, akachukua kiwembe akaufumua wote. Kisha akaanza kuushona tena. Mama anasema ndivyo anavyoshinda, anataka barabarani wasikie mashine inafanya kazi.

Wiki iliyopita nilimkuta Mama kwenye beseni anafua. Mfuko wa shati la Baba ulikuwa umejaa kuliko hata wakati wa Idi, vidonge vya uzi mweupe vitupu, vyote vya kanzu moja. Nikangoja asikike akimsema kama kawaida yake. Hakusema. Alivitoa kimoja kimoja, akavipanga kwenye ukingo wa beseni, akaendelea kufua.

Nilichojifunza ni kidogo na kimekuja kwa uchungu. Nilikuwa naona kumtambua mtu aliyefichwa uso ni ujanja, ni mchezo wa kwenye group. Walioficha ule uso walikuwa na sababu, na sisi tuliufunua kwa kucheka, halafu tukafunua usio wenyewe. Kuhusu filamu yenyewe, bado sijui niseme ni nzuri au mbaya. Nyumbani kwetu ukweli umesemwa, na aliyeusema anatupa nyuzi sakafuni kwa woga.

Nimeandika huku kwa sababu pale mtaani siwezi kufungua mdomo, Baba amenikataza, na ndani kulikuwa kumejaa. Mliowahi kuishi na jambo la namna hii, niambieni mlifanya nini. Ungekuwa wewe ni mimi, ungenyamaza? Matusi pia nitasoma.

Nina ombi moja tu. Najua mlivyo, kuna ambaye ameshaanza kupiga hesabu ni fundi yupi. Tafadhali mkuu, achia hapo. Kuna mzee ameweka jina lake hapo ili usitafute.